Naomba ushauri kwa waliowahi kuomba masta: GPA 3.2, nipo Moshi, nianzie wapi?

BintiwaUru

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni binti nipo Moshi, nimemaliza digrii ya kilimo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) mwaka 2021 nikatoka na GPA ya 3.2, tangu hapo nafanya kazi na vyama vya msingi vya kahawa huku mlimani, leo Uru kesho Kibosho, kazi yenyewe ni kuzunguka kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya watu kuangalia miche na magonjwa, kuelekeza namna ya kupogoa, jioni naandika ripoti. Kazi naipenda kweli. Ila nimefika mahali maswali ninayoulizwa na wakulima yamezidi nilichosoma, na ndo maana nataka kurudi shule kusoma masta, sio kutafuta cheo.

Shida ni pa kuanzia. Nikifungua tovuti za vyuo naona fomu, naona wanataka watu wawili au watatu wa kunitolea barua, chuo hiki kinataka konsepti noti (andiko fupi la utafiti unaotaka kufanya) kile hakitaki, ukimaliza kujaza unapewa kontrolo namba ulipie, na ukigeukia nje ya nchi ndo kabisa, kila skolashipu na masharti yake. Naombeni mnisaidie. Hii GPA inakubalika au nisijisumbue? Kuna semesta mbili mama alikuwa anaumwa nikawa nasafiri sana Morogoro Moshi na matokeo ya kipindi kile yalishuka, je hilo nalisema au nanyamaza? Barua nitaiomba kwa nani wakati mwalimu aliyenisimamia projekti ya mwisho ameshastaafu? Na hiyo konsepti noti inaandikwaje, mimi nimefikiria kichwa "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo Tanzania", sijui kama kinafaa. Alafu la mwisho, niombe hapa hapa, maana chuo cha Nelson Mandela kipo hapo Tengeru tu, au nirudi SUA, au nijaribu nje?

Niseme na hili ili mjue ninatokea wapi. Kuna mzee kule Uru juu kabisa, karibu na msitu, alinionyesha majani ya mibuni yake yana unga wa rangi ya chungwa kwa chini. Akasema enzi zao huku juu walihangaika na chulebuni tu, ule ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa, kutu ya majani ilikuwa shida ya watu wa chini, akaniuliza sasa imepandaje hadi kwangu. Sikuwa na jibu la kumpa na liliniumiza.

Natanguliza shukrani.

TengeruKwetu

Karibu sana dada. Nitajibu upande wa makaratasi kwanza maana hapo ndo watu wengi wanaangukia, tena watu wenye akili zao.

GPA ya 3.2 ni lower sekendi (daraja la pili la chini), na vyuo vyetu vingi kima cha chini cha kuingia masta ni 2.7 kati ya 5, kwa hiyo mlango upo wazi kabisa, asikutishe mtu. Aliye chini ya 2.7 ndo huwa anaambiwa apitie postigradueti diploma kwanza, wewe huko hauhusiki. Ila ukumbuke kima cha chini ni ruhusa ya kuomba tu, haimaanishi umepata, na programu nyingine zinaweka masharti yao ya juu zaidi, kwa hiyo soma ukurasa wa programu yenyewe usiishie kwenye masharti ya jumla ya chuo.

Tofauti na digrii ya kwanza ambako mlikuwa mnaenda kwa makundi na madirisha ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), masta unaomba chuo moja kwa moja kwenye mfumo wao. Unafungua akaunti, unajaza, unapakia transkripti na vyeti, wengi wanataka mpaka vya fomu foo na fomu siksi na cheti cha kuzaliwa. Sasa hapo angalia majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema jina moja na cha NECTA jina jingine, au umeolewa ukabadilisha, kashughulikie mapema kwa hati ya kiapo au didi poli kwa mwanasheria, usisubiri wiki ya mwisho. Nakala zigongwe muhuri na wakili. Kama transkripti yako hujaichukua chuoni ichukue sasa hivi, hata kama hujaamua utaomba wapi, maana kila unapoenda utaulizwa hiyo. Skani kwa rangi, kitu kisomeke, kila faili lipe jina la maana. Unaona ni mambo madogo lakini anayefungua faili lako hakujui, hizo karatasi ndo wewe.

Kuhusu Nelson Mandela nimesoma pale. Ni chuo cha masta na PhD tu, hakina digrii ya kwanza, kimeanza kupokea wanafunzi 2011, na uzuri wake madarasa ni madogo na maabara zipo. Na ule ukanda una watu wa kilimo wengi, kuna TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo, hapo hapo, kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga pale Duluti, ukienda upande wa Ngaramtoni kuna watu wa afya ya mimea na viuatilifu. Kwa mtu wa magonjwa ya mimea hiyo ni mitaa ya kuishi. Ila kwa kahawa hasa hasa wewe umekaa pazuri zaidi yetu, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, ipo Lyamungu, na kutoka Moshi mjini kwenda pale sio safari.

Kichwa chako cha habari nitakisemea kwa heshima, ni kikubwa mno. Mimi nilisomea mambo ya maji. Nilivyoenda kwa msimamizi wangu nilikuwa na "upatikanaji wa maji safi Tanzania". Akaniuliza maji ya wapi, yana shida gani, nani ameshaipima, wewe utapima nini. Tukateremka taratibu mpaka tukafika kwenye floridi ya huku kwetu, maana chemchemi nyingi za kuzunguka mlima Meru zina floridi inayozidi sana ile miligramu 1.5 kwa lita inayoshauriwa na WHO, ndo unaona meno ya kahawia kwa watoto. Kumbe kuna kituo Ngurdoto kimefanya kazi miaka na miaka ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe inachomwa inakuwa chujio. Swali langu likaishia kuwa ule mkaa ukitumika nyumbani kwa mtu unachoka baada ya lita ngapi na mtumiaji atajuaje kama umechoka. Basi. Swali dogo hivyo lilinitosha masta nzima na bado nikaacha kazi ya mtu mwingine kufanya.

MwalimuMaabara

Marahaba binti. Mimi nafundisha chuo kimoja huku kaskazini na nimekaa kwenye kamati za kupitia maombi ya masta, sitasema chuo gani. Nimesoma ulichoandika zaidi ya mara moja kwa sababu jibu lako la konsepti noti umeliandika mwenyewe ukalipita.

Kichwa chako cha tabianchi na kilimo Tanzania tunakipata kila mwaka, kwa maneno tofauti kidogo, na hakimwambii msomaji chochote kuhusu wewe. Lakini yule mzee wa Uru amekupa swali la utafiti. Kutu ya majani hupenda joto kidogo na unyevu, chulebuni hupenda baridi na ukungu wa juu, ndo maana tangu zamani ramani ya mlima ilikuwa hivyo alivyokueleza, kutu chini, chulebuni juu. Kama kutu sasa inaonekana karibu na msitu basi kuna jambo. Inaweza kuwa joto limepanda. Inaweza kuwa mibuni ile ni aina za zamani kama N39 au KP423 ambazo hazina ukinzani na imezeeka. Inaweza kuwa kivuli kimebadilika, migomba imepungua au imeongezeka, au hakuna anayepulizia tena kwa sababu dawa ni ghali. Inawezekana pia ilikuwepo siku zote ila hakuna aliyekuwa anageuza majani. Umeona? Hapo una maelezo manne au zaidi yanayoshindana na unaweza kwenda shambani ukayapima.

Sasa chukua mstari mmoja wa mlima, Uru pekee inatosha, chagua mashamba ya chini, ya kati na ya juu, tuseme kuzunguka mita 1,100, 1,400 na 1,700, kila ngazi uwe na mashamba yenye mibuni ya zamani na yenye miche mipya ya TaCRI iliyoboreshwa kwa ukinzani, uhesabu majani yenye kutu kwa tawi kila mwezi kupitia masika na vuli, uweke vifaa vya kupima joto na unyevu, na uongee na wakulima wenye umri kuhusu walichokuwa wanakiona. Hilo ni andiko. Kichwa kinaweza kuwa kirefu na kisichovutia, haidhuru, ila nikisoma nitajua huyu mtu anajua anaenda kufanya nini Jumatatu asubuhi.

Andiko lenyewe lisiwe refu, kurasa mbili tatu kama chuo hakijasema vinginevyo. Anza na tatizo kwa lugha ya kawaida, useme wengine wameshajua nini (na hapa usome kweli, sio kunakili aya za watu, siku hizi tunapitisha maandiko kwenye programu za kukagua wizi wa maandishi), useme nini hakijajulikana, useme wewe utafanya nini hatua kwa hatua, utahitaji muda gani na fedha kiasi gani. Sehemu ya njia za utafiti ndo naisoma kwanza. Mtu akiandika tu "nitatumia njia za kiidadi na zisizo za kiidadi" halafu akanyamaza, najua bado hajaenda kusimama shambani kichwani mwake.

Barua za mapendekezo. Watu wanadhani ukubwa wa jina ndo unasaidia. Barua ya profesa mkubwa inayosema "alikuwa mwanafunzi wangu, alihudhuria vizuri, namtakia kila la heri" inakuumiza kimya kimya, maana sisi tunasoma kwamba hakujui. Barua ya mhadhiri kijana aliyekuona maabara, anayesema huyu alirudia jaribio pale namba zilipokataa wakati wenzake walikuwa wanataka kuondoka, hiyo ina uzito. Mwalimu wako kustaafu sio tatizo, kustaafu hakumfuti, tatizo linakuja kwenye barua pepe, kwa sababu mifumo mingi inamtumia mdhamini kiungo kwenye anwani yake ya chuo na pengine ile anwani haifunguliwi tena. Mtafute kwa simu, muulize atumie anwani ipi. Wa pili awe mtu aliyekufundisha somo linalokaribiana na unachotaka kusoma, na wa tatu awe bosi wako wa sasa, kwa mtu ambaye yupo kazini hiyo ni halali kabisa na mara nyingi ndo barua nzuri kuliko zote.

Na usimpigie mtu ukamwambia "mwalimu naomba rekomendesheni" ukaishia hapo. Mkumbushe wewe ni nani, mwaka gani, projekti yako ilikuwa nini, mtumie transkripti, wasifu wako, hilo andiko hata kama ni rasimu, na tarehe ya mwisho. Mpe wiki tatu au nne. Kisha muulize kwa adabu kama anaona anaweza kukuandikia barua yenye nguvu. Akisita, mshukuru utafute mwingine, kusita kwake ni msaada mkubwa kwako.

Kuhusu zile semesta, sema. Sentensi mbili tu, bila kuomba huruma, mama aliugua, nilikuwa nasafiri, angalia matokeo yangu kabla na baada. Transkripti yako inaonyesha bonde, usipolieleza msomaji atajieleza mwenyewe na hatakuwa na upole kama ukweli ulivyo. Kama matokeo ya mwaka wa mwisho yalipanda, lielekeze jicho lake huko.

Mbulu wa Karatu

Dada hongera kwa nia, ila mimi naomba niulize swali ambalo hakuna anayeliuliza, ada analipa nani? Nimeona watu huku Arusha wanachukua mkopo benki kulipia masta, wanamaliza wanarudi kwenye mshahara ule ule. Mikopo ya bodi wengi wetu tunaijua ya digrii ya kwanza, na ukiwa kazini bado unakatwa ile ya kwanza, ongeza ada ya masta na gharama za utafiti, mafuta ya pikipiki kupanda huko Uru kila mwezi. Sikukatishi tamaa, nasema usianze mpaka ujue hela inatoka wapi. Na kama ni kwa ajili ya kujua tu kuhusu kutu, TaCRI wanatoa mafunzo, nenda kaulize bure.

Vinginevyo angalia za jioni na wikendi kama unataka kubaki kazini. Pale Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kama unaona maisha yako yataelekea kwenye uendeshaji wa vyama kuliko magonjwa ya mimea basi hapo una ushirika na maendeleo ya jamii mlangoni kwako, na huku Njiro Chuo cha Uhasibu watu wanasoma wakiwa kazini.

BintiwaUru

@MwalimuMaabara nimesoma nikakaa kimya kwanza. Asante sana mwalimu. Sikuwahi kufikiria kwamba swali la yule mzee linaweza kuwa ndo lenyewe, nilidhani utafiti lazima uwe na kitu kikubwa.

@Mbulu wa Karatu asante kaka, hilo la hela nalilala nalo kila siku. Ushirika naupenda ila moyo wangu upo kwenye mmea. Kujilipia mwenyewe siwezi, nisidanganye, kwa hiyo ndo maana niliuliza na nje. Kuna anayejua skolashipu ambazo mtu wa 3.2 hatupwi kwenye hatua ya kwanza?

Nipo_Usariver

Hapo kwenye skolashipu nichangie, nimesoma Ujerumani nikarudi na nimesaidia vijana wengi kuomba.

Kwanza uelewe kila ufadhili unatafuta mtu wake, usiombe zote kwa barua moja. Zile Commonwealth za Uingereza kwa masta wanataka upper sekendi, au lower sekendi ukiwa na masomo mengine juu yake, kwa hiyo kwa sasa usipotezee usiku wako huko. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, nayo inaangalia sana uongozi na mipango yako, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800 ambao ni kama miaka miwili, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Ni nzuri, ila vyuo vya Uingereza vyenyewe vingi vitataka upper sekendi.

Kwako wewe naona DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, na hasa ule mpango wao wa kozi za maendeleo wanaouita EPOS. Wanataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya digrii, unayo tayari, na wanataka digrii yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Umemaliza 2021 kwa hiyo saa inakimbia, hii ndo uipe kipaumbele kuliko ambazo hazina ukomo. Uzuri wake wanamtafuta mtu kama wewe hasa, mtu aliye kazini kwenye nchi yake, ana tatizo la kweli, anataka kwenda kulisomea na kurudi. Kuna kozi za kilimo cha ukanda wa joto Bonn na Göttingen, tazama orodha ya mwaka husika. Maombi yanaenda kwa kozi yenyewe sio ofisi moja ya katikati, kila kozi ina tarehe yake, nyingi zinafungwa kuanzia kama Agosti hadi Oktoba kwa ajili ya mwaka unaofuata. Hivyo unaomba leo unaondoka baada ya mwaka, ukilijua hilo hutahangaika.

Mwajiri wako anatakiwa aandike barua, na wakiona barua inasema tutampokea tena akirudi, na atafanya kazi gani, hiyo inabeba sana. Kaa na meneja wako mapema mzungumze, asisikie kwa mara ya kwanza siku unapomletea fomu.

Ubelgiji nao wana ufadhili wa VLIR-UOS, Tanzania ipo kwenye nchi zao, na kuna kozi za kilimo na maji. Pia DAAD wanafadhili watu kusoma hapa hapa Afrika, kwenye vyuo walivyovichagua, watu wengi hawajui wanadhani DAAD ni kupanda ndege tu. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu ya chuo chochote cha hapa uliza idara, je kuna mradi wa utafiti wenye nafasi ya mwanafunzi wa masta? Wahadhiri wakipata fedha za mradi mara nyingi ndani kuna ada ya mwanafunzi mmoja au wawili, na hizo nafasi wakati mwingine zinaishia kwenye ubao wa matangazo na kwenye magrupu ya watsap ya idara.

Mtu akikwambia Ujerumani ni bure, ni kweli kwa sehemu. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa semesta kwa sisi wa nje ya Ulaya, na bila skolashipu ubalozi utataka uonyeshe akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja. Nani anazo hizo. Kwa hiyo kwetu sisi skolashipu ndo njia, admisheni peke yake haitoshi.

Kiingereza: baadhi ya kozi zinakubali barua ya chuo inayosema ulisoma digrii yako kwa Kiingereza, iombe SUA pamoja na transkripti ili usirudi mara mbili. Kozi nyingine haziikubali, watataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL, na hiyo ni hela, usilipie mtihani mpaka uwe na uhakika kozi unayoitaka inauhitaji.

Na tafadhali, hakuna wakala anayeweza kukupatia DAAD wala Chevening. Fomu zao ni za bure. Ukisikia mtu Arusha mjini anataka "hela ya kufungulia faili" ondoka.

MwalimuMaabara

Mkuu hapo juu amesema vizuri sana, hasa la nafasi za miradi. Niongeze namna ya kumwandikia msimamizi, maana swali lako la pa kuanzia jibu lake lipo hapa. Usianze na chuo. Anza na mtu anayefanyia kazi jambo lako. Tafuta nani ameandika kuhusu magonjwa ya kahawa miaka ya karibuni, SUA, Nelson Mandela, TaCRI, soma angalau karatasi moja yake mpaka mwisho, kisha mwandikie barua fupi. Aya ya kwanza wewe ni nani na unafanya kazi gani sasa. Ya pili umeona nini kule Uru na swali lako ni lipi. Ya tatu umesoma nini katika kazi yake na unaona swali lako linagusa wapi. Mwisho umuulize kama anapokea mwanafunzi na kama kuna fedha. Ambatisha transkripti na wasifu, basi. Usitume barua moja kwa wahadhiri ishirini ukiwa umewaweka wote kwenye mstari mmoja wa anwani, tunaonana humo na kila mmoja anadhani mwenzake atajibu.

Asipojibu usikasirike, wengi wetu tuko shambani au tumezama kwenye kusahihisha. Baada ya wiki mbili mkumbushe kwa mstari mmoja. Kimya cha pili, nenda kwa mwingine.

Na kwa @Mbulu wa Karatu, hoja yako ya fedha ni ya msingi na naiunga mkono, ila mafunzo ya siku mbili hayatamjibu yule mzee. Mafunzo yatamfundisha binti kile ambacho tayari kinajulikana. Swali alilonalo linahitaji mtu akae mlimani misimu miwili anahesabu majani, na hakuna atakayemlipa kufanya hivyo nje ya masta.

Mbulu wa Karatu

Sawa mwalimu, hapo nimekuelewa. Basi atafute nafasi ya mradi kwanza.

TengeruKwetu

Dada kitu kingine nimekumbuka, chagua programu yenye utafiti wa kutosha. Kuna masta za koswaki (masomo ya darasani zaidi) ambazo mwisho kuna disatesheni ndogo, na kuna ambazo thesisi ndo uti wa mgongo. SUA mara nyingi mwaka wa kwanza ni darasani wa pili unaenda shamba. Kwa swali linalohitaji misimu ya mvua angalia kalenda, kama utafiti unaanza wakati masika imeshapita utasubiri sana.

BintiwaUru

Jamani sijui niwashukuruje. Leo mchana nimeongea na meneja, amekubali kuandika barua na amesema nafasi yangu atanishikia. Alafu kwenye kabati la ofisi kuna fomu zetu za ukaguzi wa mashamba za miaka yote niliyokuwepo, ndani zina tarehe, jina la kitongoji, na ugonjwa uliokutwa. Nimeanza kuzipanga kwa kitongoji. @MwalimuMaabara naweza kuzitumia hizi kwenye andiko au ni mali ya ofisi?

MwalimuMaabara

Ni mali ya ofisi na ndani kuna majina ya wakulima, kwa hiyo omba ruhusa ya maandishi kwa meneja kabla hujaandika namba hata moja, na ukizitumia ondoa majina ubakize kitongoji na mwinuko. Baadaye ukishapokelewa chuo kitakupa barua ya utambulisho kwenda kwa katibu tawala wa mkoa na kushuka chini mpaka kata, hapo ndo utaanza kukusanya data mpya rasmi.

Lakini ukishapata hiyo ruhusa, hizo fomu ni hazina. Angalia fomu za zamani kabisa kama kutu imeandikwa mahali popote kule juu karibu na msitu. Ukiipata au ukiikosa, vyote viwili ni sentensi ya kwanza ya barua yako kwa msimamizi. Iandike wiki hii.